Vumbi, Kwato na Matairi: Kinachofanya Picha ya Kufukuzana Ishike Roho

Gari linalotoka Dodoma kwenda Kondoa kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Abiria akitazama nyasi zilizo mita mbili kutoka dirishani, haoni jani hata moja. Anaona michirizi tu. Akiinua macho kwenye mlima ulio umbali wa kilomita mbili, nyuma ya mibuyu, mlima ni kama haujongei. Kwa hesabu, nyasi zile zinapita jichoni kwa kasi mara 1,000 kuliko mlima, ingawa gari ni lilelile na dereva hajaongeza mafuta.

Wapiga picha wa filamu wanaishi kwa hesabu hiyo. Jicho halina kipima mwendo. Linakisia kasi kwa kuangalia jinsi vitu vya karibu vinavyopita, ndiyo maana kamera nzuri ya kufukuzana hufungwa chini, karibu na gurudumu, sentimita chache juu ya lami au changarawe. Ukiipandisha juu ya jabali ili ionyeshe mandhari yote, gari la kilomita 120 kwa saa litaonekana linatambaa. Uwanda wa kati wa Tanzania, wenye wastani wa mita 1,100 hivi juu ya bahari, ni mtihani mgumu kwa sababu hiyo: peupe, pana, vitu vya karibu vichache. Kuna ujanja wa zamani wa kupiga picha 20 kwa sekunde badala ya 24 za kawaida, kisha kuzionyesha kwa mwendo wa kawaida, na hapo kilomita 60 zinageuka 72. Lakini ujanja huo una kikomo, maana watembea kwa miguu nao wanaanza kutembea kama vikaragosi, na mtazamaji akishagundua, picha imekufa.

Kasi peke yake haitoshi, hata hivyo. Watu wengi wakiulizwa kuhusu picha bora ya magari kufukuzana huitaja Bullitt ya mwaka 1968, iliyoongozwa na Peter Yates katika milima ya San Francisco. Steve McQueen yumo kwenye Ford Mustang, adui kwenye Dodge Charger nyeusi, na kwa karibu dakika 11 hawasemi neno. Hata muziki wa Lalo Schifrin unanyamaza matairi yanapoanza kulia, na kinachobaki ni injini, gia na vyuma vinavyogonga lami baada ya kila mteremko. Mhariri Frank P. Keller alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Ajabu ni kwamba picha ile ina makosa ya wazi: gari dogo la kijani aina ya Volkswagen linapitwa mara kadhaa kana kwamba lina mapacha, na mitaa inayofuatana kwenye filamu haifuatani kwenye ramani. Watazamaji wengi hawalioni hilo, kwa sababu jambo moja halipotei kamwe: umbali kati ya magari mawili. Kila dakika tunajua nani yuko mbele, na amebakiza kiasi gani kukamatwa.

Ndiyo maana waongozaji wazuri hulinda upande. Gari likianza kukimbia kutoka kushoto kwenda kulia, liendelee hivyo mpaka tuonyeshwe linapogeuka. Kuvunja kanuni hiyo ni kama kumhamisha shabiki aliyeketi Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, kutoka jukwaa moja hadi la upande wa pili mpira ukiwa hewani: kabla hajajua timu yake inashambulia goli lipi, bao limeshaingia.

Sasa, Tanzania ina mahali pake katika historia hii, na ni mahali pa heshima. Mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, mwaka mmoja hivi kabla ya Uhuru, mwongozaji wa Marekani Howard Hawks alileta kikosi chake Tanganyika kupiga filamu iliyopewa jina la Kiswahili, Hatari! Ilitoka mwaka 1962. Stelingi alikuwa John Wayne, akiwa na Elsa Martinelli wa Italia na Hardy Krüger wa Ujerumani, katika kisa cha watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama. Walipiga picha Momella karibu na Arusha, na katika tambarare za kaskazini. Krüger aliipenda nchi kiasi cha kununua shamba huko Momella.

Kinachoitofautisha Hatari! na Bullitt ni kwamba anayefukuzwa hakusoma hati ya filamu. Faru mweusi ana uzito unaoweza kupita tani moja, na hukimbia hadi kilomita 50 kwa saa. Gari la kumkamata halina budi kuja ubavuni mwake, karibu kiasi cha mtu kumfikia kwa mti mrefu wenye kitanzi. Mtu huyo hakai ndani. Anakaa kwenye kiti kilichofungwa mbele, juu ya tairi, bila mlango wala paa, na John Wayne alikaa hapo mwenyewe. Kwa maelezo ya Hawks, waigizaji hawakuwekewa mbadala wakati wa kukamata. Chini ya nyasi kuna mashimo ya ngiri na muhanga, na tairi likitumbukia humo, hakuna mwongozaji wa kupiga kelele wasimame.

Hawks hakuweza kuandika mapema faru atafanya nini. Mshauri wake, Willy de Beer, alikuwa mkamataji wanyama wa kweli, na matukio yalipangwa kufuatana na mnyama wa siku hiyo. Kuna faru aliyeponyoka baada ya kukamatwa, ikabidi wamwandame upya, na Hawks akaliacha tukio hilo kwenye filamu. Mpiga picha Russell Harlan aliteuliwa kuwania Oscar. Katika picha nyingi za magari mawili, anayekimbia anakimbia tu. Hapa, kwa sekunde moja, faru anageuka na pembe inaingia kwenye bati, na mfukuzaji anakuwa mfukuzwa. Ni nadra mbio za magari kuwa na mgeuko mkali kama huo.

Leo njia hiyo ya kukamata ni ya kusikitisha kuitazama kwa makini, kwani mnyama anakimbizwa mpaka pumzi inamwishia. Sindano ya usingizi imechukua nafasi yake. Na faru waliopatikana kwa urahisi enzi zile walikuja kuwindwa na majangili mpaka wakabaki wachache sana nchini. Hatari! imebaki kumbukumbu ya jinsi nchi ilivyokuwa na ya vilivyokuwamo ndani yake.

Je, Dodoma ingefaa kwa picha ya kufukuzana? Tuanze na onyo kutoka kwingine. George Miller alipotaka kutengeneza Mad Max: Fury Road, alipanga kupiga picha Broken Hill, Australia, lakini mvua kubwa ilinyesha na jangwa likachanua maua. Mwaka 2012 akahamia Namibia. Filamu ilitoka 2015, karibu yote ni kufukuzana, na Miller aliweka jambo muhimu katikati ya fremu ili jicho lisilitafute. Ilipata Oscar sita. Huko Namibia yalitolewa pia malalamiko kwamba magari yalijeruhi ardhi ya jangwa, ardhi inayochukua miaka mingi kupona.

Turudi Dodoma. Ugogo, nchi ya Wagogo, una msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na kiangazi chake kinatoa vumbi la kutosha kumfunika adui yeyote. Kondoa kuna makorongo ambayo kuta zake za udongo ziko karibu na gari pande zote mbili, na hicho ndicho kitu ambacho uwanda mtupu hauna: vitu vya karibu vya kulipa jicho hisia ya kasi. Lakini makorongo hayo ni majeraha ya mmomonyoko, na mradi wa kuhifadhi ardhi wa HADO ulianza kuyatibu mwaka 1973. Kupitisha malori humo kungekuwa kuyatonesha. Mito ya msimu yenye mchanga inafaa zaidi, kwani kila mafuriko huupanga mchanga upya. Mwongozaji atakayeuchagua mto kama huo ana Juni hadi Oktoba kumaliza kazi yake. Akichelewa hadi Desemba, yatampata ya Broken Hill: uwanda wa kijani, na maji mahali alipopanga kupitisha magari.