Polisi wanafaa kuona dawa unazotumia?

1/ Kila mjadala wa usalama lazima mtu aseme, "Kama huna makosa, unaficha nini?" Mimi natumia dawa za kifafa. Si kosa, lakini sitaki OCS wa mtaa wetu ajue.

2/ Polisi wana hoja pia. Wakisaka wale wa kuwekea watu "mchele" kwa kinywaji, daftari la kemisti linaweza kuonyesha nani alinunua dawa za usingizi.

3/ Lakini Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Njia ipo: polisi waape mbele ya hakimu, wapewe kibali cha msako.

4/ 2015 kulitoka agizo la kukusanya orodha ya watoto wa shule wanaoishi na HIV. Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo hilo linavunja Katiba.

5/ Mgonjwa akiogopa orodha, anaacha kuchukua dawa. Basi mwanasiasa akikuahidi usalama, muulize: nani atasaini kabla daftari langu lifunguliwe?