Watoto 600 Wanapohesabiwa Kama 308

Tuseme mradi wa vyandarua umepima malaria kwa watoto 600 katika vijiji 30 vya Kasulu na Kibondo, watoto 20 kila kijiji. Jibu la kila mtoto ni moja kati ya mawili: anayo au hana. Je, tumepata habari za watoto 600? Hapana. Watoto wa kijiji kimoja huumwa na mbu wa bonde lilelile, hutibiwa zahanati ileile, na wengine hulala chandarua kimoja. Ukishampima kaka, umeshajua kitu kuhusu mdogo wake.

Wataalamu wa takwimu hupima kufanana huko kwa namba ambayo kwa kawaida huwa kati ya 0 na 1. Tuchukue 0.05, ndogo tu. Izidishe kwa 19 (watoto 20 toa mmoja), jumlisha 1, unapata 1.95. Gawanya 600 kwa 1.95: tunabaki na uzito wa watoto 308 hivi. Kumbe karibu nusu ya kazi imekwenda! Niliwahi kuandika ripoti bila hesabu hii, nikatangaza mafanikio ambayo huenda yalitokana na vijiji viwili vitatu vya mlimani, kwenye mbu wachache. Mfadhili alifurahi, nami pia.

Majirani zetu wa Mwanza walifanya vizuri zaidi. Katika utafiti ulioanza 1991 na kutangazwa 1995, jamii 12 zilipangwa jozi 6. Kwa kura, moja katika kila jozi ilipata huduma bora ya magonjwa ya zinaa; nyingine ikasubiri. Watu wazima zaidi ya 12,000 waliandikishwa. Baada ya miaka 2, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 kwenye huduma, na 1.9 kwingine. Lakini watafiti hawakumhesabu kila mtu kana kwamba anasimama peke yake. Walilinganisha jamii na jamii, na katika jozi zote 6 waliohudumiwa walikuwa na maambukizi machache zaidi. Kwa bahati tupu, hilo hutokea mara 1 katika 64.

Njia nyingine, ya Liang na Zeger ya mwaka 1986, imo katika programu za kompyuta. Nayo inahitaji kujua nani ni wa kijiji gani na kaya gani, na hapo ndipo fomu zetu hupungukiwa: mdodosaji anaandika umri na jibu, kitongoji anakiacha wazi.

Na kama fedha inatosha watoto 600 tu, afadhali vijiji 60 vya watoto 10. Kwa hesabu ileile tungebaki na 414 hivi, ingawa dizeli ya kufika huko ni shughuli nyingine.