MATEMBEZI YA MIGUU KATIKA HIFADHI YA KATAVI: KUTOKA MSITU WA MIYOMBO HADI MKWAJU WA KATABI

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Visiwa hivi wapatapo likizo na kutaka kuziona hifadhi za Tanzania Bara, aghalabu huelekea Mikumi, Ngorongoro au Serengeti. Ni wachache wanaofika Katavi, na sababu yake inaeleweka, kwani Mpanda ni mbali. Anayetoka Unguja huvuka kwanza kwenda Dar es Salaam, kisha hushika njia ya Tabora. Tawi la reli linaloachana na reli ya Kigoma pale Kaliua huishia Mpanda. Lilijengwa zama za Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi. Makala haya yanakusudia kueleza matembezi mepesi ya miguu yanayoweza kufanywa huko, na mambo ambayo mtembeaji anapaswa kuyafahamu kabla ya kuondoka nyumbani.

Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974, na mwaka 1998 eneo lake likaongezwa hadi kufikia kilomita za mraba 4,471. Makao yake makuu yapo Sitalike, kiasi cha kilomita 35 kusini ya mji wa Mpanda. Mkoa wa Katavi wenyewe ni mchanga kuliko hifadhi, kwani ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuugawa Mkoa wa Rukwa.

Katika hifadhi hii mgeni anaruhusiwa kushuka garini na kutembea, kwa sharti la kuongozana na askari wa hifadhi mwenye silaha. Sehemu ya njia yaweza kwendwa kwa gari na iliyobaki kwa miguu, kadiri askari atakavyoona inafaa kwa siku hiyo. Ardhi ni tambarare na haihitaji nguvu nyingi. Hata hivyo, waliozoea daraja la mbao la mikokoni kule Jozani wasidhani kuwa watakuta mfano wake. Hapa njia ni ya wanyama, na watu hufuatana mmoja nyuma ya mwingine bila ya mazungumzo.

Mwanzo wa matembezi ni msitu wa miyombo. Miti yake haikusongamana kama ya Ngezi, Pemba. Jua hupenya hadi chini, na wakati wa kiangazi majani makavu hulia chini ya viatu. Jambo la kupendeza ni kwamba miyombo mingi huchipua kabla ya mvua kunyesha, na majani machanga huwa mekundu, hata mgeni akadhani kuwa msitu umeungua. Ndani yake imo mininga, ambayo mbao zake zinajulikana kwa kila fundi seremala, na nyuki ni wengi. Asali ni miongoni mwa mazao yanayoupatia sifa mkoa huu. Wapo pia mbung'o. Nao huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, hivyo inashauriwa kuvaa nguo za rangi ya khaki au kijani iliyofifia, zenye mikono mirefu.

Msitu ukiisha, macho hufunguka juu ya uwanda mpana wa majani. Hapa ndipo kwenye Ziwa Katavi, na neno ziwa linahitaji maelezo. Wakati wa masika ni maji na kinamasi. Kiangazi kikikolea, hubaki uwanda mkavu ambamo nyati hulisha kwa mamia, pamoja na nyamera, pundamilia na twiga. Maji yanayosalia hujikusanya katika vidimbwi vya Mto Katuma, na viboko wote hukimbilia humo. Huonekana wamelaliana migongo katika tope, huku mamba wakijificha katika mapango ya kingo za mto wakingojea mvua. Mtembeaji asisimame kabisa baina ya kiboko na maji. Askari akisema rudini, hurudiwa hapo hapo.

Mandhari haya, pamoja na kustaajabisha kwake, yana upande wa huzuni. Katuma hupeleka maji Ziwa Katavi, kisha Ziwa Chada, na mwisho, kwa njia ya Mto Kavuu, Ziwa Rukwa. Watafiti wameeleza kwamba mtiririko wa mto huu wakati wa kiangazi umepungua kwa miongo kadhaa, na miongoni mwa sababu kubwa walizozitaja ni mabwawa na mifereji ya umwagiliaji wa mpunga nje ya hifadhi, upande wa juu wa mto. Kwa hiyo msongamano wa viboko ambao mgeni huupiga picha kwa furaha si jambo la maumbile peke yake. Kiboko asiyepata maji ya kutosha ngozi yake hupasuka kwa jua, na madume hupigana na kuumizana kwa kugombea dimbwi. Sisi tunaokula wali kila siku hatuna haki ya kumlaumu mkulima wa mpunga kwa wepesi. Lakini kwa mujibu wa sheria za Tanzania Bara, anayechepusha maji ya mto kwa umwagiliaji anatakiwa awe na kibali cha bodi ya maji ya bonde husika, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Masharti hayo yakipuuzwa juu ya mto, tope la Katavi hukauka mapema.

Karibu na ziwa hilo umesimama mkwaju mkongwe. Wenyeji husimulia kuwa ndani yake inakaa roho ya Katabi, mwindaji mashuhuri wa kale, na ndiye aliyeipa hifadhi jina lake. Wapo hadi leo wanaofika kuweka sadaka shinani na kuomba baraka. Mkwaju ni mti unaoishi karne na karne, na kwetu hauna ugeni, kwani nani asiyejua maji ya ukwaju wakati wa kufuturu? Waarabu waliuita tende ya Hindi, ingawa wataalamu wengi wa mimea wanaona kuwa asili yake ni Afrika.

Msomaji anaweza kuwa na rai yake kuhusu mizimu, na mwandishi anayo yake. Lakini mti huo ni mahali pa ibada ya watu wengine. Mgeni asiguse wala kuondoa kilichowekwa shinani, asikate tawi, asichume ukwaju, na akimkuta mwenyeji katika shughuli yake, akae mbali na asipige picha bila ya kuomba ruhusa.

Kiingilio cha raia ni cha chini kuliko cha wageni kutoka nchi za nje, hivyo kila mmoja achukue kitambulisho kinachothibitisha uraia wake. Miezi inayofaa ni kuanzia Juni hadi Oktoba. Masika yakianza, baadhi ya njia za ndani hazipitiki. Matembezi huanza alfajiri, kabla jua halijawa kali, na kila mtu abebe maji yake ya kunywa.