Trekta la baba linagonga: je, oili inafika juu?

Huenda wewe ni mmoja wa wale wanaoishi Nairobi au Mombasa huku trekta kuukuu la familia likiwa nyumbani, Migori au Homa Bay. Februari, kabla ya mvua ndefu, ndipo habari mbaya hukufikia: trekta linagonga, fundi anataka pesa za kufungua injini nzima. Kabla hujaenda benki, hebu tuangalie oili.

Chukua mfano wa Massey Ferguson 135, lililotengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975, lenye injini ya dizeli ya Perkins ya silinda tatu. Hata lile la mwisho kabisa huenda limemzidi dereva wake umri, na bado linatarajiwa kulima udongo mweusi wa Ndhiwa unaonata au kuvuta trela la miwa kwenda Awendo.

Oili hukaa chini kabisa, kwenye sampu. Pampu inayozungushwa na injini yenyewe huivuta na kuipitisha kwenye filta, kisha kwenye mfereji mkuu ulio ndani ya bloku. Hapo hugawanywa. Krankshafti hupata, beringi za konrodi hupata, kamshafti nayo hupata. Lakini juu, chini ya kile kifuniko cha bati, kuna roka sita zinazopanda na kushuka zikifungua valvu. Katika injini nyingi za namna hii, oili ya roka hutoka kwenye beringi moja ya kamshafti, ikapanda kwa tundu jembamba hadi kwenye hedi, ikaingia ndani ya shafti ya roka iliyo wazi kama mwanzi. Shafti ina vitundu, kila roka na chake. Ikishalainisha roka na valvu, oili huteremka yenyewe hadi kwenye sampu.

Ukiishi ghorofa ya tano unaijua hadithi hii. Maji ya mtaa yakipungua, ni wewe unayekosa kwanza.

Na geji ya presha haitakuonya. Ikiwa injini ni moto na inakimbia kwa kasi yake kamili, geji inaweza kusoma kati ya ratili 30 na 60 kwa inchi ya mraba, kama inavyotakiwa, ilhali roka zimekauka. Geji hupima mfereji wa chini, haipimi kule juu.

Oili isiyobadilishwa hugeuka matope meusi, na tundu jembamba huziba upesi. Pengine hedi ilifunguliwa mwaka jana, gasketi ikafunika tundu, au shafti ya roka ikarudishwa ikiwa imegeuka. Pengine beringi ya kamshafti imelika na oili inavujia hapo. Hiyo ya mwisho ndiyo ya gharama.

Basi mwombe fundi apime kwanza nafasi za valvu, kwa kuwa zikipanuka nazo hugonga. Kisha, kifuniko kikiwa wazi, injini inguruma polepole kwa dakika chache. Oili ichuruzike taratibu kwenye kila roka. Si lazima iruke kama chemchemi. Roka zikibaki kavu, tatizo liko njiani, na haijawa zamu ya kununua pistoni.

Kuna mafundi wanaofunga kibomba cha nje kutoka mfereji mkuu hadi kwenye hedi. Mimi siupendi mtindo huo. Oili ikizidi juu hupenya kando ya valvu, trekta likafuka moshi wa buluu, na presha ya krankshafti nayo hupungua. Tundu lililoziba lizibuliwe.

Ukipiga simu nyumbani, usiulize tu oili ilibadilishwa lini. Uliza kama filta nayo ilikuwa mpya, maana wapo wanaomwaga oili mpya na kuirudisha filta ile ile ya zamani ili kuokoa pesa.