Maniema: Maumivu ya SS si ya kuzoea

Mara nyingi maumivu huanza usiku: mgongoni, miguuni, kifuani. Mtoto analia, na nyumbani kila mtu anajua ni kitu gani. Ni SS, ule ugonjwa ambao familia imeishi nao tangu mtoto akiwa mdogo. Amekwisha kuugua hivyo mara nyingi na akapona. Kwa hiyo wazazi wanamkanda kwa maji ya moto, wanampa kidonge cha parasetamoli, wanangoja kukuche. Kwa wakaaji wa Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, ambako njia ya kufika hospitali ni ndefu, kungoja huko kunaweza kuua.

Ugonjwa huu, ambao waganga wanauita drepanositozi, na Waswahili wa pwani selimundu, unatoka katika damu. Chembe nyekundu ambazo kwa kawaida ni laini na za mviringo zinajipinda kama mundu. Zinakuwa ngumu, zinashikamana na kuziba mishipa midogo. Mahali ambapo damu haipiti ndipo panapouma. Baridi, kiu, homa na uchovu mwingi huamsha maumivu hayo.

Congo ni kati ya nchi tatu za dunia zinazozaa watoto wengi zaidi wenye SS, pamoja na Nigeria na India. Watafiti wanakadiria kwamba hapa nchini wanazaliwa karibu 40,000 kila mwaka. Pamoja na wingi huo, bado kuna familia zinazosema mtoto amelogwa, na nyingine zinapeleka mtoto achanjwe kwa wembe. Wembe hauondoi SS. Unaweza kuleta vidonda na maambukizi juu ya ugonjwa.

Maumivu yale yale, hatari nyingine

Wazee walisema mazoea yana tabu. Katika SS, tabu ni kwamba maumivu ya kila mara yanaweza kuficha jambo jipya. Mzazi anaona ni mifupa tu, kumbe mapafu yameshambuliwa. Hata muuguzi aliyemwona mgonjwa huyo mara nyingi anaweza kudanganyika.

Kuna dalili ambazo hazingojei asubuhi. Ya kwanza ni homa: kwa mwenye SS, malaria na maambukizi ya damu yanaweza kumaliza mtoto kwa muda mfupi. Ya pili ni kifua kuuma pamoja na kuhema kwa shida. Ya tatu ni viganja na midomo kupauka ghafla huku tumbo likivimba upande wa kushoto. Hapo damu imejaa katika wengu. Ya nne ni mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, mdomo kupinda au maneno kupotea. Ya tano inafichwa sana kwa sababu ya haya: uume unaosimama kwa maumivu zaidi ya saa mbili. Vijana wanapaswa kuambiwa mapema kwamba hilo nalo ni ugonjwa, na kwamba kuchelewa kunaharibu mwili.

Kwa mtoto mchanga ambaye hajapimwa, ishara ya mwanzo mara nyingi ni mikono na miguu kuvimba na kuuma, kuanzia karibu miezi sita.

Mapokezi ya dharura

Kazi ya kwanza hospitalini ni kupunguza maumivu. Nchini Uingereza, mwongozo wa mwaka 2012 unataka mgonjwa wa SS apewe dawa ya maumivu ndani ya dakika 30 tangu anapofika. Kama parasetamoli imeshindwa, kuna dawa za nguvu zaidi, hadi morfini. Mgonjwa anayesema anaumia sana aaminiwe: hakuna mashine inayopima maumivu, na mwenye SS anaweza kunyamaza kwa sababu amezoea.

Kisha yanafuata maji, kipimo cha malaria, kupima kiasi cha damu na kusikiliza mapafu. Si kila mgonjwa anahitaji kuongezewa damu. Anayehitaji apewe damu iliyopimwa virusi vya ukimwi, hepatitisi B na C, na kaswende.

Njia ndefu

Kasongo ina historia katika mambo ya afya. Katika miaka ya 1970, Mradi wa Kasongo, ulioshirikisha Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ulionyesha jinsi vituo vya afya vilivyo karibu na watu vinavyoweza kufanya kazi pamoja na hospitali moja ya rufaa. Mpango wa zone za afya unaofuatwa nchini leo una fikra hiyo hiyo.

Leo wilaya ya Kasongo ina zone za Kasongo, Kunda na Samba. Kabambare ina Kabambare, Lusangi na Saramabila. Kwa mgonjwa anayebebwa kwa pikipiki katika matope, au anayekaa mahali ambapo watu wenye silaha wanafunga njia, kituo cha afya cha karibu ndicho mapokezi yake ya dharura. Kikimpa dawa ya maumivu, kikampima malaria na kuandika alichopewa kabla ya kumtuma mbele, safari inakuwa na hatari ndogo.

Kabla maumivu hayajaja

Mengi yanazuilika. Penisilini kila siku hadi miaka mitano, chanjo zote, chandarua, asidi ya foliki na maji ya kunywa ya kutosha vinapunguza safari za hospitali. Ipo pia hidroksiurea. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019, uliofanywa kwa watoto wa Congo, Angola, Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba dawa hiyo inapunguza maumivu, malaria, haja ya damu na vifo. Inatolewa na daktari pamoja na vipimo vya damu. Si ya kununua sokoni.

Kwa vijana wanaotaka kuoana, kipimo kinaeleza mapema. Wote wawili wakiwa AS, wao wenyewe si wagonjwa, lakini katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto wa SS. Lawama haiendi kwa mama peke yake: baba naye ametoa nusu.

Familia yenye mgonjwa inaweza kuanza leo na karatasi moja ndani ya mfuko wa plastiki: jina, SS, kundi la damu, dawa anazotumia, mara ya mwisho kuongezewa damu. Pembeni ziwekwe franka za pikipiki. Usiku maumivu yakirudi, mtu yeyote wa nyumba, hata jirani, ataweza kumpeleka na kumweleza muuguzi bila kupoteza wakati.