Kuwinda Pongo Vilimani Pamoja na Mzee

Majira ya kiangazi yakifika, majani ya miombo yakipukutika na nyasi zikiungua, vijana wengi huanza kuulizana habari za mawindo. Tena wako wenye baba, babu au mjomba mzee nyumbani, ambaye siku zake alikuwa mwindaji hodari, naye hutamani kurudi porini. Kijana husema moyoni mwake, "Mzee huyu atanichelewesha." Twapenda kuonyesha leo ya kuwa asemaye hivyo hajajua bado mawindo ni nini. Tena liko neno jingine, gumu kulisema mbele ya mzee, nalo tutalifikia mwishoni.

Sisi tulifundishwa na mjomba wetu, ndugu wa mama, katika vilima vya miombo vya nchi ya Ungoni, upande wa Songea. Fundisho lake la kwanza halikuwa la bunduki, lilikuwa la karatasi. Nchi ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Katika Tanzania kuwinda kwaruhusiwa kwa leseni tu, nayo Sheria ya Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, yakataza mitego ya kamba, mashimo na sumu. Mjomba alifunga hati ya bunduki na leseni yake katika kipande cha nailoni, akazitia mfukoni mwa shati, wala hakuvuka kizingiti bila kuzigusa kwanza. Alisema, "Nyama ya wizi hailiki ukaishiba, sikio lako liko mlangoni wakati wote."

Sasa tumseme mnyama mwenyewe. Pongo, ambaye wengine humwita mbawala, si mnyama wa uwandani. Hukaa peke yake, mara chache wawili, katika vichaka vya kando ya vijito na makorongo. Dume ana rangi nzito ya kahawia, pembe zilizojisokota, na madoa machache meupe ubavuni na mapajani. Jike ni mdogo kuliko dume, ni mwekundu zaidi, wala hana pembe. Hula majani, machipukizi na matunda yaliyoanguka. Kwa hiyo mjomba alitafuta kwanza nyani. Akiwaona juu ya mti wa matunda, wakila na kuangusha, alisema, "Hao wamemtandikia mwenzao jamvi". Maana pongo hupenda kuja chini yao kuokota masazo. Hutoka kula alfajiri na jioni, na jua likipanda hujilaza kichakani. Akishtuka hubweka kama mbwa, na ukisikia mbweko ule, basi, kilima kizima kimekwisha kupata habari zako.

Adui wa mwindaji vilimani ni upepo. Mjomba alichukua daima kimfuko cha kitambaa chenye majivu laini, akakitikisa kidogo kila baada ya hatua chache, akatazama vumbi lake laelekea wapi. Usiku na alfajiri hewa baridi huteremka bondeni kama maji. Jua likiupasha mteremko joto, hewa hugeuka ikapanda. Na jioni, kivuli kikiingia, huteremka tena. Kwa hiyo alfajiri yafaa mwindaji awe chini ya mnyama, na jua likipanda awe juu yake. Lakini makorongo hupinda upepo, kwa hiyo usiamini kanuni kuliko majivu.

Mwendo nao una elimu yake. Mzee hawezi kupanda kilima kama mbuzi, nasi tulipokuwa vijana tuliona ni hasara. Baadaye tulitambua ya kuwa ni faida. Kijana hutembea hatua zilizo sawasawa juu ya majani makavu, na kila mnyama ajua kwamba huo ni mwendo wa mtu. Mjomba alikwenda hatua tatu au nne, akasimama apumue, akatazama kushoto na kuume, akaenda tena mbili. Pongo naye huenda vivyo hivyo akila. Pumzi fupi za mzee zilitufundisha mwendo wa mnyama.

Basi, ukienda na mzee, fanya hivi. Ondokeni mapema, ili asilazimike kuharakisha. Pandeni kwa kukata mteremko mshazari, msiupande wima. Katika kushuka, wewe tangulia, naye awe na fimbo, kwa kuwa magoti ya wazee huumia zaidi katika kushuka kuliko katika kupanda. Maji na mizigo ni yako. Kisha mpe mahali pake. Kati ya vilima viwili pana mahali palipoinama kama shingo, na wanyama wanaotoka bonde hili kwenda lile hupita hapo, kwani wao pia hawapendi kupanda kilele bila sababu. Mketishe mzee kando ya njia hiyo, mgongo wake ukiegemea shina la mti, upande ambao majivu hayaelekei kichakani. Wewe zunguka polepole kwa mbali. Lakini patanishaneni kwanza: yeye haondoki mahali pake mpaka usikie mluzi wake naye asikie wako, wala hapana mtu atakayefyatua risasi kuelekea upande wa mwenziwe, hata apite dume wa namna gani.

Twalikaza neno hili kwa sababu tulikaribia kuua mtu. Ilikuwa mwaka 2003, tulipokuwa na leseni yetu ya kwanza. Jioni moja tulifuata nyayo mbichi hata ukingo wa korongo. Ng'ambo, kichaka kikatikisika, na kati ya majani tukaona rangi nyekundu. Tukainua bunduki. Mara mkono wa mjomba ukashuka juu ya mtutu, ukaukandamiza chini.

"Umeona nini?" akanong'ona.

"Pongo, mjomba."

"Sikukuuliza wadhani nini. Nakuuliza umeona nini."

"Rangi nyekundu, na majani yanatikisika."

"Basi hujaona kitu."

Tukangoja. Kichaka kikafunguka, akatoka mama mmoja mwenye kanga nyekundu iliyochakaa, jembe mkononi na mtoto mgongoni. Alikuwa akichimba mizizi ya dawa. Alituona, akatusalimu kwa furaha toka ng'ambo. Mjomba akamwitikia vizuri, akamwuliza habari za nyumbani kwake, akamtakia njia njema. Mama yule alipopotea bondeni, mjomba akaketi juu ya jiwe, na mikono yake ikatetemeka. Hakutukaripia. Usiku, motoni, alisema neno moja tu: "Risasi ikitoka, ukiiita haiitiki."

Tangu siku ile tulishika kanuni zake. Usipige sauti, wala rangi, wala mtikisiko. Piga mnyama unayemwona kichwa, shingo na bega. Usimpige aliyesimama juu ya mgongo wa kilima, mbingu ikiwa nyuma yake, kwa maana risasi ikimkosa itavuka upande wa pili, nako kuna njia, mashamba na watu. Nyuma ya mnyama pawe na udongo. Mngoje akupe ubavu, ulenge nyuma ya bega, karibu ya kutosha kuwa na hakika. Ukiisha kupiga, usikimbilie. Ngoja nusu saa kimya. Aliyejeruhiwa, akifukuzwa, huenda mbali akafa bure. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu, naye hayuko mbali. Damu iliyochanganyika na majani yaliyoliwa ni ya tumbo. Hapo ngoja saa nyingi zaidi, kisha umfuate mpaka mwisho, kwa kuwa kumwacha na maumivu ni aibu. Nawe jihadhari, maana dume aliyejeruhiwa hugeuka na pembe zake, naye ameumiza wengi.

Jike mwache. Pongo humficha mtoto wake kichakani kwa muda wa miezi kama minne, akaenda kula peke yake na kurudi kumnyonyesha. Hata mavi ya mtoto huyala, ili chui asipate harufu. Ukimwona jike peke yake, usidhani hana mtoto. Ukimwua, umeua wawili, na wa pili atakufa kwa njaa wala hutamwona.

Sasa tufike kwenye lile neno gumu. Mwaka 2021 mjomba alikuwa amepita miaka 75. Macho yake yalikuwa yameanza kuwa na ukungu, lakini yeye alisema ni moshi wa jikoni, nasi tukanyamaza kwa heshima. Twakiri kwamba kunyamaza kule kulikuwa kosa letu. Alfajiri moja tuliketi pamoja kwenye shingo ya kilima. Mnyama akatoka kichakani. Mjomba akainua bunduki yake, akanong'ona, "Dume. Tazama pembe."

Tulitazama. Alikuwa jike, amesimama chini ya tawi kavu lenye panda mbili, na panda zile ndizo alizoziona kuwa pembe. Nyuma ya jike nyasi zilitikisika chini, chini sana.

Katika kwetu, mpwa hagusi bunduki ya mjomba wake. Lakini tulimkumbuka mama wa kanga nyekundu, tukanyosha mkono, tukauweka juu ya mtutu. Jike akabweka, akaruka, na mtoto mdogo akamfuata.

Mjomba alikaa kimya kitambo kirefu. Tukamwomba radhi. Akauliza, "Alikuwa nani?"

"Jike, mjomba, na mtoto wake."

Akatoa risasi mwenyewe, akaitia kiganjani mwetu, akatufunga vidole juu yake. "Mkono huo niliuweka mimi," akasema. "Leo umenirudia."

Hatukumwacha nyumbani baada ya siku ile. Kwanza tulimpeleka hospitali, ambako waganga walisema ni mtoto wa jicho, ugonjwa uwapatao wazee wengi, nao hutibika kwa kupasuliwa. Jicho moja likapata nafuu. Bunduki yake hakuitupia kijana kienyeji, bali alikwenda polisi mwenyewe kuitengenezea hati. Na tukienda vilimani, yeye huketi mahali pake pa zamani na kimfuko cha majivu, bila silaha. Masikio yake bado ni makali kuliko yetu. Yeye ndiye atuambiaye upepo umegeuka, ndege gani ameshtuka na kwa nini, na lini turudi nyumbani mikono mitupu bila huzuni. Nyama ikipatikana, fungu lake hutoka kwanza.

Basi, vijana, msiwaache wazee wenu nyumbani kwa kuwa miguu yao ni mizito. Penye wazee haliharibiki neno. Lakini macho yao yakififia, semeni nao mapema, kwa upole na faraghani, kabla ya kulazimika kusema kwa mkono juu ya mtutu. Nanyi wazee wetu, siku mpwa au mjukuu atakapouweka mkono huo, msimkasirikie. Ni ninyi mliomfundisha.