Je, Wajua? Jino Huzibwa Hata Pasipo Umeme

Je, wajua kwamba jino lililotoboka huweza kuzibwa bila mashine, na mara nyingi bila sindano ya ganzi? Njia hiyo, iitwayo ART, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliinadi kote. Kwa mtu wa huku kwetu Lusangi, kijijini kusiko na umeme, hiyo si habari ndogo: kuendesha mashine ya meno huku ni kutafuta kwanza jenereta na mafuta.

Vyombo vyote huenea mfukoni. Kioo kidogo cha kutazamia, sindano ya kupapasia na kibano cha kushikia pamba, hivyo havina maajabu. Kishoka ndicho hufungua njia: tundu likiwa jembamba, daktari huingiza ncha yake na kuizungusha, kingo dhaifu zikavunjika.

Kazi yenyewe ni ya vijiko vya kukwangulia uozo. Kichwa cha kile kidogo kina upana wa milimita 1 hivi, cha kikubwa milimita 2. Uozo hukwanguliwa kwanza pembeni, chini ya gamba gumu la jino, ndipo sakafu ya tundu. Huko chini mtu angedhani kijiko kidogo ndicho salama. Kumbe ni kikubwa, maana chembamba hupenya upesi hadi kwenye mshipa wa fahamu. Kijiko butu nacho hakifai. Kipitishe juu ya ukucha wa kidole gumba: kikikwama ni kikali, kikiteleza kinataka kunolewa. Baada ya kila mgonjwa, vyombo huoshwa na kuchemshwa dakika 15 ndani ya sufuria ya presha.

Simenti inayojaza tundu iliundwa London na Alan Wilson na Brian Kent, na ikatangazwa mwaka 1972. Huchanganywa kwa mwiko mdogo, hushindiliwa, kisha hukandamizwa kwa kidole cha glavu kilichopakwa vaselini. Inapokauka hung'ang'ania jino lenyewe na kutoa floridi kidogo kidogo. Mgonjwa asile kwa saa moja.

Ila jino linalouma lenyewe usiku, au lenye usaha, halizibwi hivi. Hilo limeshapita uwezo wa vijiko.